Kuta Zisizofika Paani

Bi Tatu tulimzika Kibiti baada ya sala ya Adhuhuri, mvua ya masika ikiwa imetupa nafasi kidogo, na udongo wa kaburi ulikuwa mzito hata majembe yakawa yanakwanguliwa kwa kijiti kila mara. Tulipotoka makaburini wanaume tulikaa kwenye majamvi chini ya turubai, tukapewa kahawa, na mzee mmoja wa ukoo wake, ambaye sikuwahi kumwona, akanigeukia na kuniuliza kwa upole mimi ni nani kwa marehemu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kule Mkongo. Kila mwaka nawafundisha watoto majina ya jamaa: mjomba, shangazi, wifi, mkwe, mpwa. Siku ile, kikombe kikiwa mkononi, sikupata hata moja la kujipa. Nikamwambia, "Alinilea." Mzee akatikisa kichwa, akasema Bi Tatu alilea wengi, Mungu amlipe, kisha akarudi kwenye mazungumzo yake na jirani yake juu ya mpunga ulioliwa na viboko. Hakunivunjia heshima, na alichosema kilikuwa kweli. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikiufikiria mwaka mmoja, mwaka niliokuwa na umri wa miaka kumi na sita, ambao ndio ulionifanya nishindwe kumjibu.

Jinsi nilivyofika kwa Bi Tatu nikiwa mtoto wa kubebwa sitaieleza hapa. Ni habari ya watu wengine, na wengi wao wameshatangulia. Mimi kumbukumbu zangu zinaanzia ndani ya nyumba ile: nyumba ya matofali ya kuchoma na bati, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, uani kuna jiko la makuti, kisima, na michungwa miwili iliyokuwa haizai sawasawa. Wavulana tulilala chumba cha kulia, wasichana cha kushoto, na Bi Tatu alilala chumba cha mbele, mlango wake ukiwa wazi kwenye ukumbi ili asikie kila anayeamka. Kuta za ndani hazikufika paani. Ziliishia juu kidogo ya milango, kama zilivyo nyumba nyingi za kwetu, ili hewa ipite. Pamoja na hewa yalipita maneno. Ukikohoa upande wetu, sauti ya Bi Tatu ilikuuliza umekunywa maji au hujanywa. Pili, aliyekuwa mdogo kuliko wote, alikuwa hapati usingizi mpaka aniite juu ya ukuta, "Kaka Sele, upo?" nami nimjibu nipo. Jioni tulikula ukumbini kwenye masinia mawili, mara nyingi bada, ugali wa muhogo, kwa mchuzi wa samaki mkavu uliotiwa nazi, siku za neema wali kwa kamba, na Bi Tatu hakukaa kula mpaka amezunguka masinia yote mawili akitazama nani ameacha nini. Tulikuwa saba, mapacha wawili wakiwemo. Tulimwita Mama, na mjini watu walituita watoto wa Bi Tatu, basi. Neno makao ya watoto tulilisoma tu kwenye leseni, iliyokuwa kwenye fremu ukutani karibu na saa, na kwa muda mrefu mimi nilidhani ile ni karatasi ya nyumba tu, kama nyumba nyingine zinavyotundikwa kalenda.

Leseni ile ilikuwa inakaribia kwisha, na ilipokuwa inakaribia kwisha akaja afisa ustawi mpya. Aliyekuwepo kabla yake alikuwa mzee wa hapahapa, akija anakunywa chai, anatuuliza masomo, anaondoka. Huyu mpya aliitwa Neema, dada mwembamba kutoka bara, mwenye viatu vya kufunga na sauti ya chini. Tulimtazamia awe mkali, hakuwa mkali. Alizunguka nyumba nzima, akatazama choo, akatazama kisima, akasifu usafi wa jiko. Kisha akasimama katikati ya chumba chetu cha wavulana, akainua uso, akatazama pale ukuta ulipoishia. Halafu akaniuliza nina umri gani. Nilimjibu kwa fahari, kwa sababu ndevu zangu za kwanza zilikuwa zimeanza kuonekana na nilitaka azione.

Alichomwambia Bi Tatu ukumbini nilikisikia nikiwa chumbani. Alisema kanuni haziruhusu mvulana aliyebalehe kulala na wasichana chini ya paa moja namna ile, ukuta wenyewe nusu, tena nyumba isiyo na mwanamume mtu mzima. Alisema hamaanishi kwamba kuna baya limetendeka. Bi Tatu akamwambia, kwa sauti ya mtu anayemwelewesha mtoto, kwamba Sele na hawa wasichana ni ndugu, wamelelewa kwenye mkeka mmoja. Dada Neema akasema anaelewa, ila yeye hawezi kuandika neno anaelewa kwenye ripoti. Ama Bi Tatu ajenge nyumba ya pili ya wavulana na apatikane mwanamume wa kulala nao, ama mimi nitafutiwe mahali pengine. Bila hivyo leseni haitahuishwa. Walikunywa chai baada ya hapo, nasikia vikombe vikigonga visahani, wakazungumza habari ya korosho kana kwamba hakuna kilichosemwa. Mimi nilikaa kitandani nikiitazama mikono yangu. Kabla ya siku ile nilikuwa najua kwamba nimekuwa mkubwa, na nilifurahi. Sikujua kwamba ukubwa wangu unaweza kuwa kosa la nyumba.

Bi Tatu aliamua kujenga. Kaka yake, Mjomba Kassimu, alimletea miti na fito kutoka shamba, na kiangazi chote tulijenga banda la uani, sote, hata Pili alibeba udongo kwenye kopo. Nazikumbuka siku zile kuwa za raha. Tulikandika kuta kwa mikono, Bi Tatu akiwa amejifunga kanga mbili kiunoni, akituonyesha namna ya kubamiza tonge la udongo lishike kwenye fito, akituimbia nyimbo za Kindengereko ambazo nusu yake hatukuzielewa. Mjomba Kassimu aliahidi kwamba yeye mwenyewe atahamia pale awe mwanamume wa kulala na wavulana. Kwake hatukuweza kwenda sisi, maana alikuwa na vyumba viwili na mabinti ambao hawajaolewa. Hilo nalo Dada Neema alishalikataa. Kilichobaki kilikuwa makuti ya kuezekea. Makuti yalichelewa, mvua zikawahi. Zilishuka mfululizo, na asubuhi moja tulipofungua mlango wa uani tuliona fito zimesimama peke yake kama mbavu za ng'ombe, udongo wote uko chini umekuwa tope. Watoto wadogo walicheka kwanza, wakaiona sura ya Mama, wakanyamaza. Bi Tatu alichukua jembe, akalichota lile tope na kulirundika pembeni, akisema masika yakipita tutaanza tena. Lakini leseni haikusubiri masika yapite.

Hapo ndipo mabishano yenyewe yalipoanza, na yaliendelea kwa miezi. Bi Tatu alikwenda ofisini mara nyingi, akivaa baibui lake la kutokea, akirudi na uso uliofungwa. Aliomba muda, akaongezewa kidogo, ukaisha. Mjomba Kassimu, ambaye mwanzoni alikuwa upande wake, alianza kumwambia kwamba mtu hawezi kuzamisha mtumbwi mzima kwa ajili ya abiria mmoja, tena aliyekaribia kujitegemea. Walikuwa wakibishana jikoni, wakinyamaza nikipita. Bi Tatu hakuwa mtu wa kupaza sauti, lakini siku moja nilimsikia akimjibu kaka yake maneno ambayo sijayasahau. Alisema, "Huyu nilimpokea hajaota meno. Leo nimwambie nini? Kwamba kosa lake ni kukua?" Ukumbini, leseni ya zamani ilikuwa bado kwenye fremu, imeshapita tarehe, na hakuna aliyethubutu kuishusha.

Wakati huohuo Dada Neema alikuwa ananitafutia ndugu. Sikumchukia kwa hilo na simchukii sasa. Alimpata Shomari, mdogo wake baba yangu, huko Salale kwenye mikoko, mkulima wa mpunga na mvuvi wa kamba. Alipomletea Bi Tatu habari hizo nilikuwa chumbani na homa, nao wakadhani nimelala. Bi Tatu aliuliza huyo Shomari alikuwa wapi miaka yote. Kisha Dada Neema, kwa ile sauti yake ya chini, alimwambia kitu ambacho nadhani alikuwa amekizuia kwa muda mrefu: kwamba leseni ikikataliwa watoto wote watahamishwa, si Selemani peke yake. Wale mapacha hawatapata mahali pamoja. Pili, ambaye hana ndugu yeyote anayejulikana, atapelekwa kwenye kituo Dar es Salaam. Nilisubiri Bi Tatu aseme neno. Nikasikia kiti kikisogezwa, hatua zake zikienda uani, na baadaye mlio wa mwiko kwenye sufuria. Nililala nikitazama ile nafasi iliyokuwa kati ya ukuta na bati. Sikulia. Nilikuwa nafikiri kwa utulivu sana, kama mtu anayefanya hesabu ya darasani, na jibu lilikuwa moja tu.

Kikao cha mwisho kilifanyika ukumbini kwetu, asubuhi, masika yalipokwisha. Walikaa Dada Neema, mtendaji wa kata, Mjomba Kassimu na Bi Tatu, na karibu na mlango, kwenye mkeka ingawa viti vilikuwepo, alikaa baba mdogo Shomari. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona. Alikuwa mtu mfupi, mwenye haya, nyayo zake zimepasuka kwa tope la chumvi, na alikuwa ameleta kamba wakavu kwenye kikapu cha ukindu. Bi Tatu alimpokea kwa salamu zote zinazostahili, lakini kikapu kilibaki palepale alipokiweka. Walizungumza sana. Mtendaji alisema watu wa mtaani hawana lalamiko lolote juu yangu. Baba mdogo, alipoulizwa, alisema nyumba yake ni ndogo ila damu yake haiwezi kukosa pa kulala, na kwamba aliogopa kuja zamani kwa sababu hakuwa na kitu. Bi Tatu alisema kuogopa si sababu ya kumwacha mtoto. Baba mdogo akainamisha kichwa, akakubali kwamba si sababu.

Ndipo Dada Neema alipoomba niitwe. Niliingia, nikawaamkia wote, nikakaa. Alinieleza taratibu kwamba sheria inamtaka anisikilize na mimi, na kwamba nisiogope mtu yeyote mle ndani. "Selemani," akasema, "wewe unataka nini?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu siku ya homa. "Nataka kwenda kwa baba mdogo," nikasema. "Nataka kukaa na ndugu zangu."

Bi Tatu akageuka. "Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Hakuna, Mama."

Alinitazama. Kwa watu wengine waliokuwa pale pengine ilikuwa pumzi moja tu, lakini mimi niliuona uso wake ukipita sehemu nyingi. Nilidhani atabisha. Ningemtaka abishe, na ningemtaka asibishe, vyote viwili kwa nguvu moja. Kisha akasimama, akasema maharage yataungua, akaenda jikoni. Mtendaji akashusha pumzi. Mjomba Kassimu akanishika bega, akaniita mwanamume. Dada Neema aliandika alichoandika. Baadaye nilimwona uani karibu na kisima, amesimama peke yake, ananawa uso.

Leseni mpya ililetwa baada ya mimi kuondoka, kwa hiyo sikuiona ikiwekwa kwenye fremu. Ninachokikumbuka ni asubuhi ya safari, Bi Tatu akinifungia wali kwenye jani la mgomba, akiukunja na kuukunjua tena kana kwamba jani halikai sawa. Pili aliuliza nitarudi lini. Nikamwambia karibuni. Tulipanda gari mpaka Nyamisati na kutoka hapo boti, baba mdogo akiwa ameshika mfuko wangu mapajani kama mtu aliyebeba mayai.

Salale haikunitendea vibaya. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia kisa hiki husubiri nieleze mateso, na mateso hayakuwepo. Baba mdogo na mkewe walinipa walichokuwa nacho. Mpunga ulikuwa unakaribia kuvunwa, na kazi yangu ilikuwa kukaa juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu katikati ya shamba, nikifukuza ndege mchana na nguruwe jioni. Maji yalijaa na kutoka kwenye mikoko, tope likabaki linang'aa, kaa wakatoka mashimoni. Chakula kilikuwa kingi kuliko Kibiti. Kamba tuliwala mpaka nikawachoka. Lakini nyumba ya baba mdogo ilikuwa ya chumba kimoja na kingine cha kwangu, na ukuta wa katikati ulifika juu mpaka kwenye makuti. Ukishaingia kulala hukusikia mtu. Nilikuwa napiga kelele dunguni kutwa nzima, sauti inakauka, na ikifika jioni nagundua sijazungumza na mtu yeyote zaidi ya ndege.

Bi Tatu alikuja wakati wa mavuno. Alikuwa haipendi boti, aliogopa maji tangu utoto wake, na aliposhuka kwenye tope pale kituoni viatu vikiwa mkononi, nilidhani nimefananisha. Alimsalimia mke wa baba mdogo, akala, akasifu mpunga. Kisha akaomba nimwonyeshe ninapofanya kazi. Alipanda ngazi ya dungu kwa shida, ngazi moja moja, akikataa nimshike, tukakaa juu tukitazama shamba. Aliniambia leseni imetoka. Aliniambia mapacha wanaendelea vizuri na Pili ana jino linalotikisika. Kisha akachukua suke la mpunga, akawa analipukuchua.

"Siku ile nilijua unasema uongo, Sele," akasema. "Nilijua, nikanyamaza."

Nikamwambia, "Mama, Pili angepelekwa wapi?"

"Ndivyo nilivyowaza. Ndiyo maana nilinyamaza." Punje zilikuwa zimejaa kiganjani mwake. "Lakini usije ukakua ukafikiri kwamba sikujua."

Hakuniomba nirudi, na mimi sikumwomba anichukue. Tulijua wote wawili. Tulikaa hivyo mpaka maji yakaanza kutoka, na baba mdogo akaja kuita kwamba boti itakwama kwenye tope. Nilipokuwa kijana nilidhani angalau mmoja wetu angesema neno la kutuponya. Sasa nina watoto wangu, na nadhani alikuwa ameshalisema. Alivuka maji aliyoyaogopa ili asiniache na heshima ya uongo, nikidhani nimemdanganya. Shule nilirudi mwaka uliofuata, Dada Neema alinifuatilia mpaka nikapata nafasi upya. Alikuwa mtu wa kutimiza kile anachoweza kutimiza. Nyumba ya Bi Tatu iliendelea kwa miaka mingi na leseni yake, mpaka miguu ilipomshinda, na kila mtoto aliyetoka pale alitoka kwa wakati wake.

Pale msibani nilimwona Pili. Ni mama wa mtoto mmoja sasa, anashona nguo Ikwiriri. Alinikumbatia, akanionyesha mwanawe, tukakaa tukimzungumza Mama. Nikamwuliza kama anakumbuka alivyokuwa akiniita juu ya ukuta. Alifikiri kwa moyo safi, akitaka kukumbuka. "Kaka Sele," akasema, "mimi sikumbuki ulipokuwa unaishi na sisi. Nakukumbuka ukija Idi." Hakujua amesema nini, na sikumweleza.

Nilikwenda kweli, Idi ya kwanza baada ya kuhama, na baadaye karibu kila Idi. Ile ya kwanza nilifika asubuhi nimevaa kanzu ya baba mdogo, iliyokuwa fupi. Watoto walinirukia. Ukumbini walikuwa wametandika mkeka na masinia mawili ya pilau, nami nikavua viatu nikaenda kukaa mahali pangu, karibu na mapacha. Mmoja wa wasichana wakubwa akanizuia kwa adabu, akasema Mama amesema nikae kitini. Bi Tatu akatoka chumbani na sahani ya udongo yenye maua, ya kabatini, ile ambayo tangu nakua niliona ikitolewa kwa maimamu na maafisa, akanipakulia mimi peke yangu, nyama nzurinzuri juu, na maji ya kunawa akanimiminia yeye mwenyewe. Nadhani alitaka kunipa heshima kubwa kuliko zote alizokuwa nazo. Nilikula kitini, nikiwatazama wenzangu wakigombea ukoko pale chini. Alasiri, gari la Nyamisati lilipokaribia kuondoka, maana kulala pale sikuruhusiwa tena, alijitanda kanga akanisindikiza mpaka barabarani, hatua kwa hatua, akiniulizia habari za safari na kunipa salamu za kuwapelekea watu wa nyumbani. Miaka yote niliyokuwa mtoto wake, nilitoka na kuingia mlango ule bila yeye hata kuinua kichwa kwenye chungu.